Muziki bila maneno unaweza kusema vita? Godspeed You! Black Emperor kwa masikio ya Goma

"Huyu mwimbaji ataingia saa ngapi?" Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, njo aliuliza hivyo, usiku moja hapa Katindo, mtaa wa Goma, umeme imekatika, tuko tunasikiliza kwa telefone tu. Nikamwambia haingii, hakuna mwimbaji. Zilikuwa zimepita karibu dakika kumi na hakuna mtu amefungua kinywa. Alikasirika kabisa, na tangu siku hiyo tunabishana, na minaona ubishi wake uko na nguvu kuliko vile nilidhani mwanzoni.

Kikundi chenyewe kinaitwa Godspeed You! Black Emperor, cha Montréal, Kanada. Walianza 1994 wakiwa watatu, wakapanda mpaka tisa, watu wanaingia wanatoka. Mpiga gitaa Mike Moya, mmoja wa wale watatu, alitoka 1998 akarudi 2010 na orkestra haikupasuka wala haikubadilisha jina. Hakuna shefu wa mbele. Magitaa, violoni, bezi, ngoma za watu wawili, wanapiga kwenye giza na nyuma yao filamu za zamani zinapita, moja imekwaruzwa kwa mkono neno moja tu: matumaini.

Sisi tunajua vizuri orkestra zenye watu wanatoka. Zaïko Langa Langa ya 1969 imezaa vikundi hata huwezi kuhesabu, na Wenge Musica ilipasuka 1997, kila upande ukaenda na neno Wenge. Kwetu mwenye kutoka anabeba jina juu jina njo mkate, na jina liko kwa mwimbaji wa mbele. Kumbe ukiondoa mwimbaji unaondoa pia kitu cha kugombania, na hapo minawapa heshima, hata kama wale waanzilishi bado ndio mgongo wa kikundi.

Yaya anasemaka sisi hatuna mazoea ya muziki bila maneno. Hapana, hiyo si kweli! Sebene, ile sehemu ya gitaa ya kucheza kwenye nyimbo zetu, ni nini basi? Gitaa linazunguka palepale dakika nne, tano, na hakuna mtu analalamika. Alinijibu sebene inaenda kwenye kiuno, halafu atalaku, mwenye kuchangamsha wachezaji, yuko pale anapiga kelele, hatuachwi peke yetu. Hiyo sikuweza kuipinga, juu Godspeed wanakuachaka peke yako kweli, sauti moja inalala chini muda mrefu, violoni inakuja polepole, unaanza kusikia hata jenereta ya jirani na mbwa wa mtaa, halafu ngoma zinaingia na unagundua ulikuwa umeshika pumzi.

Sababu yangu kubwa ya kuwatetea ni libanga, kutaja majina ya watu ndani ya wimbo. Sikiliza wimbo wowote mkubwa wa Kinshasa, hesabu majina ya matajiri, wanasiasa, mabosi wa Ulaya, wengi wao wamelipa ili watajwe. Sisemi ni dhambi, wanamuziki wanakula wapi? Lakini muziki wenye hauna maneno, libanga utalitupa wapi? Hakuna mwenye pesa anaweza kuingiza jina lake katikati ya violoni.

Sasa upande mwingine, na hapa Yaya ananishinda. Kitu chenye hakina maneno kila mtu anakivalisha nguo anayotaka. Wako na kipande chenye jina la mtaa wa maskini wa Vancouver, East Hastings, kikaingia kwenye 28 Days Later, filamu ya London yenye wagonjwa wanakimbia kuuma watu, na kilikaa vizuri sana mule, wale maskini hawakuonekana tena. Halafu albamu yao ya 1997 inaanza na sauti ya mwanaume anasimulia mji unaoteketea, minaipenda, lakini Yaya alinitazama tu. Yeye Januari 2002 alitembea mpaka Gisenyi na godoro kichwani wakati lava ya Nyiragongo imepita katikati ya mji na kufunika kipande cha uwanja wa ndege. "Huyu mtu moto aliuona wapi?" Sikuwa na jibu.

Mwaka uleule wa 2002 walitoa Yanqui U.X.O., na hizo herufi tatu maana yake ni mabomu yenye hayajalipuka. Hapa kwetu mtoto anafundishwaka mapema asiokote chuma asichokijua. Ni albamu ya hasira juu ya vita lakini ndani karibu hakuna sauti ya mtu, hasira karibu yote imebaki kwenye kava, nyuma yake kuna mchoro unaounganisha kampuni kubwa za muziki na watengeneza silaha, na baadaye kikundi wenyewe wakakubali mistari fulani haikuwa sawa. Sasa Goma kava inafikaje? Muziki unatembea kwa kadi ya memori, kwa WhatsApp, mega zikikubali. Unapata sauti bila karatasi, na bila karatasi unabaki na huzuni nzuri tu, huzuni isiyo na mwenyewe, na kwa mji wenye tumeona vita ya Januari 2025 minaona hiyo ni kidogo mno.

Ndio maana ile albamu yao ya Oktoba 2024 naiweka juu ya zote, hata kama magitaa si makali kama ya zamani. Jina lake lote ni "No Title as of 13 February 2024 28,340 Dead", hesabu ya wafu wa Gaza kufikia siku hiyo. Hakuna mwimbaji, lakini jina linasafiri na faili, huwezi kuibonyeza bila kusoma ile namba kwanza, kila mara.

Niliituma kwa Yaya. Hakuibonyeza palepale. Alisoma jina, akauliza hao wafu ni wa wapi, halafu akauliza nani aliwahesabu.