Paswedi Yangu Iko kwa Kijana wa Steshenari

Mie napika halwa hapa Wete, Pemba. Sukari, wanga, samli, iliki, zafarani kidogo, halafu mwiko. Masaa mazima unakoroga. Ukigeuka kupiga chafya tu, imeshashika chini. Sasa mtu wa kazi kama hii ndiye aliyeambiwa: "Mzee, siku hizi huna haja ya kuja ofisini, kila kitu mtandaoni." Nikasema alhamdulillahi, nauli za gari ya Chake zimekwisha.

Hebu ngojea.

Nikaufungua huo mfumo wa ofisi moja hivi (siitaji jina, leseni yangu bado iko mikononi mwao). Kizungu kitupu! Mwaka 1928 watu walikutana Mombasa kutafuta Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki, wakachagua Kiunguja. Sisi Wapemba hatukuulizwa, lakini hayo tuyaache. Leo Mzanzibari anaomba ruhusa ya kuuza halwa kwa Kiingereza. Nikafika pahala pa kuchagua aina ya biashara. Nikashusha, nikashusha, nikashusha. Kuchimba mafuta kumo. Kuunda meli kumo. Halwa haimo. Nikabonyeza iliyonikaribia, na mpaka leo serikali inanijua kuwa mie ni muoka mikate.

Kisha wakaniletea namba ya uthibitisho. Tarakimu sita, na umri wake dakika tano. Mikono imo kwenye mwiko! Nikamwita mjukuu anisomee. Mtoto kila akifika ya nne anarudi ya kwanza, kama yuko chuoni anadurusu juzuu. Mara ya tatu mfumo ukanifungia siku nzima, eti kwa usalama wangu. Usalama gani? Atokee mwizi aniibie kodi akanilipie?

Na mtandao wenyewe ndio huo unaozunguka. Tangu 2010 umeme wetu unatoka Tanga, unapita chini ya bahari, unawapita papa na taa, unafika Pemba salama. Lakini fomu yangu ya kurasa mbili inashindwa kutoka Wete kwenda popote.

Haki yao niwape: kulipa kwenyewe ni raha. Ukishaipata kontroli namba unalipa kwa simu au benki, pesa inakwenda serikalini moja kwa moja, hakuna karani wa kukwambia chenji sina, njoo kesho. Kazi ni kuipata hiyo namba.

Ndipo nikaenda kwa kijana wa steshenari. Ana kompyuta moja, feni moja, na printa inayokohoa kuliko mie.

"Ami, una imeili?"

Sina.

"Basi nakutilia yangu. Na namba ya simu nakutilia yangu pia, wewe ukikoroga simu huisikii."

Paswedi akaiandika kwenye daftari la mistari, chini ya paswedi ya muuza samaki, juu ya paswedi ya fundi cherehani. Watu wanaonywa paswedi usimpe mtu. Mie nilimuomba asinipe, ntaipoteza.

Kumbe Wete nzima ndivyo tulivyo! Mwenye duka la vipuri, mama wa vitenge, hata mwenye gesti: wote tunaishi kwenye imeili ya mtoto mmoja. Serikali ikitaka kuongea na wafanyabiashara wa Wete, inaongea naye. Akila chakula cha mchana, tunasubiri. Akiumwa, tunampelekea uji. Mke wangu anasema hata yeye akiumwa sijawahi kumpelekea uji. Kwani yeye ndiye mwenye kontroli namba?

Basi mwaka huu, wiki ya mwisho ya kuhuisha leseni, baada ya hapo ni faini, kijana akafunga duka. Anakwenda kuoa. Wapi? Makunduchi! Kusini mwa Unguja, huko mwisho wa nchi. Wanawake wa Pemba wote hawa hakuwaona.

Nikapanda gari ya Mkoani, nikapanda boti, nikatapika bahari nzima, nikapanda daladala. Wenzangu walikwenda harusini kula biriani. Mie nilikwenda kufungua akaunti.

Nikamkuta kwenye kanzu na joho, kazungukwa na wazee. Nikakaa safu ya pili. Nikatoa simu yangu, nikaibonyeza ile fomu kabla shekhe hajakaa vizuri, nikijua namba ya uthibitisho itafika upesi kwenye simu yake, aniambie, tumalize, aoe kwa raha zake. Mtandao ukazunguka. Hutuba ikasomwa, ukazunguka. Mkono ukashikwa, ukazunguka.

Shekhe akamwambia kijana ajibu. Msikiti kimya. Na mfuko wa kanzu ukatetemeka: drrr.

Kijana akaniangalia. Nikamuangalia. Nikamuonesha vidole vitano, yaani dakika tano. Mikono yake imo kwenye mkono wa baba mkwe, lakini jicho limeshuka mfukoni, na lile joho kumbe jepesi, kioo kinawaka mpaka nje.

"Sema," shekhe akamhimiza.

"Nimekubali... nne, saba, saba, sifuri..."

Baba mkwe akauvuta mkono. Shekhe akauliza mahari si yalikuwa yamekwisha kutajwa? Ikabidi waanze upya.

Mie sikuwasikia. Nilikuwa nje, kwenye ngazi, natafuta zile mbili za mwisho.