Ati ni kioo tu

Wiki mbili zilizopita rubani mmoja aliniletea redio ya ndege hapa Malindi, kaifunga kwa kanga, akaitua mezani katikati ya redio mbili za mashua. "Fundi, haina shida kubwa. Ni kioo tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikera.

Redio yenyewe ni King KX 155, kizazi cha miaka ya 1980. Namba zake haziwaki kwa LED. Ni gesi iliyofungiwa ndani ya kioo, inayotoa rangi ya chungwa ikipewa stimu ya volti nyingi. Kioo hicho huzeeka: vijiti vya namba hufifia kimoja kimoja huku redio ikiendelea kusema na kusikia vizuri. Ndiyo maana wengi hupuuza.

Niliiwasha, nikazungusha swichi ya masafa. Tarakimu moja ilikuwa imepoteza kijiti cha juu. 5 na 8 zilionekana zimekatwa kichwa, ungezitambua. Lakini 7 bila kijiti cha juu ni 1 kamili, huna pa kushuku. Rubani anayetaka 118.10 anaweza kusimama kwenye 118.70 na kioo kikamkubalia. Na kwenye viwanja vidogo visivyo na mnara, marubani huambiana wenyewe kwa redio nani anatua na nani anapaa. Huyu atakuwa anajisemea peke yake. Afadhali kioo kilichokufa kabisa, hicho hakikudanganyi.

Basi nikibadilishe? Mikono ninayo. Redio ya mashua naipokea asubuhi, alasiri iko baharini. Vioo vya asili vya KX 155 ni adimu na bei yake inauma, kwa hiyo kutengeneza kibao cha LED kinachotoshea pale pale ni wazo linalomjia kila anayeshika solda. Shida iko hapa: redio ya mashua ni FM, ya ndege ni AM, na AM hupokea kila kelele ya umeme iliyo karibu. Namba za LED huwashwa na kuzimwa kwa zamu, mara nyingi kwa sekunde, na mtetemo huo ukipenya kwenye kipokezi, sauti ya mbali humezwa. Hapo bado hujauliza kama namba zitasomeka jua la saa saba likipiga dirishani, au kama zitapungua mwanga usiku zisimtie rubani kiwi.

Kanuni za usafiri wa anga za Marekani, Sehemu ya 43, zinalitaja jambo hili karibu kwa jina: ukibadilisha muundo wa redio iliyoidhinishwa kwa namna inayogusa kelele, wepesi wa kupokea au uthabiti wa masafa, hayo si matengenezo ya kawaida tena, ni badiliko kubwa linalohitaji idhini yake. Kurudisha kioo cha aina ile ile chenye karatasi zake ni habari nyingine kabisa. Kijiweni watu huvichanganya hivi viwili. Hata ile ruhusa ya mwenye ndege kujitengenezea spea, ambayo kweli ipo huko Marekani, husimuliwa nusu: spea hiyo lazima ilingane na muundo ulioidhinishwa.

Ndege yenye 5Y ubavuni, yaani iliyosajiliwa Kenya, iko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na mimi sina leseni ya ufundi wa ndege. Nikimfungia kibao changu, anayekuja baada yangu ataamini ndani mna kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha redio. Atatafuta hitilafu mahali pasipo.

Hata hivyo siwatetei wenye kanuni kwa kila kitu. Redio ikisafirishwa hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ndege hulala Malindi na mwenyewe huhesabu hasara. Njia halali ikiwa ndefu hivyo, watu watakuja kwangu usiku. Marekani asiye na leseni anaweza kufanya kazi mwenye leseni akiwa pale pale anamtazama, kisha huyo mwenye leseni akatia sahihi. Ningependa kuona mafundi wa Pwani wakitumiwa vivyo hivyo. Solda tunaijua, tunachokosa ni mtu wa kutusimamia.

Rubani hakufurahi. "Siku hizi umekuwa mzungu, fundi." Sikumtoza kitu. Nilikata kipande cha plasta, nikakibandika mbele ya redio, nikaandika kwa kalamu nzito: 7 INASOMA 1. Kisha nikaifunga kwenye kanga yake.