Faulo za kabla ya snapu si faulo za kipuuzi

Tarehe 10 Desemba 2023, ligi ya NFL ya futiboli ya Marekani, uwanja wa Arrowhead, Kansas City. Wenyeji Chiefs wako nyuma 20–17 dhidi ya Buffalo Bills na imebaki dakika moja na ushee. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), anamrushia Travis Kelce. Kelce anakimbia, anaona anazingirwa, anaurusha mpira upande wa pili kwa Kadarius Toney, naye anaingia nao mpaka mwisho. Uwanja mzima unasimama. Kisha watu wanaona kitambaa cha njano chini, ishara ya mwamuzi kwamba kuna faulo: Toney alikuwa ameotea tangu mwanzo, amejipanga mbele ya mstari kabla ya snapu, yaani kabla mpira haujatolewa chini kuanzisha mchezo. Tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, ikafutwa, Bills wakaondoka na ushindi, na Mahomes akafoka pembeni mpaka wenzake wakamshika.

Kocha wa Chiefs, Andy Reid, alilalamika kwamba kwa kawaida mwamuzi humwonya mchezaji kwanza. Mashabiki wakaenda mbali zaidi. Toney alimzuia nani? Mguu uliozidi kidogo ulibadilisha nini katika mchezo mzuri kama ule? Hadi leo malalamiko hayo yanarudi kila kitambaa kinaporushwa kabla ya mchezo kuanza: kwamba ni faulo za karani, zinawakatiza wachezaji na kuwapa waamuzi umaarufu wasiostahili.

Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, nitaifikia. Ila naona inaanzia mahali pabaya, kwa sababu inadhani mchezo huanza mpira unapotoka chini. Ukiwatazama walio mstari wa mbele utaona umeshaanza kitambo.

Timu mbili hutenganishwa na urefu wa mpira wenyewe, kama sentimita 28, na kila upande wamo watu wa kilo 140. Wanaoshambulia wana siri moja: wanajua mpira utatoka kwa sauti ipi ya kwotabeki wao. Wanaolinda hawajui, wanaukodolea macho na kuondoka ukitikisika. Siri hiyo ndiyo inayomwezesha mtu mzito kumkinga kwotabeki wake dhidi ya mtu mwepesi anayemzidi mbio. Na ina bei. Washambuliaji wasiopungua saba lazima wawe kwenye mstari. Wakibadilishana nafasi, wote watulie sekunde nzima kabla ya snapu. Baada ya hapo mmoja tu ndiye anaruhusiwa kutembea, naye asiwe anaelekea mbele mpira unapotoka. Walinzi hawafungwi na lolote kati ya hayo. Wanaweza kurukaruka, kuhama, kujifanya wanakuja kisha wakarudi, mradi wasivuke wala wasiwashtue walio mbele yao kwa kuingia katika ule ukanda wa katikati.

Shabiki wa raga wa Nairobi atalielewa hili upesi, kwa kuwa kwenye skramu pande zote mbili husubiri sauti ya refa na anayesukuma mapema huadhibiwa. Tofauti ni kwamba huku refa hatoi ishara. Upande mmoja unajitolea ishara yake wenyewe, tena kwa mafumbo. (Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka raga na kuchezea Indianapolis Colts 2013 na 2014, alitakiwa kujifunza mengi ukubwani, na hili lilikuwa mojawapo.) Ukimruhusu mwenye siri atikisike kidogo tu bila adhabu, atatikisika kila mara, na mlinzi hatakuwa na kitu cha kutazama. Utulivu ule ndio malipo ya siri ile.

Ndiyo maana mshambuliaji akianza mapema filimbi hupulizwa papo hapo, lakini mlinzi akiotea bila kumgusa mtu, mara nyingi mchezo huachwa uendelee na wanaoshambulia huchagua baadaye kama wachukue matokeo au adhabu ya yadi tano (kama mita nne na nusu). Kwotabeki Aaron Rodgers, alipokuwa Green Bay, alivuna sana hapo: alipandisha sauti kwa hila, mlinzi akavuka, mpira ukatoka haraka, naye akaurusha mbali akijua hana cha kupoteza. Wapo wanaoona huo ni upendeleo kwa washambuliaji. Mimi naona kinyume kingekuwa kibaya zaidi. Kama kuotea kungesimamisha kila mchezo, mlinzi aliyegundua amejipanga vibaya angevuka kwa makusudi ili waanze upya.

Sasa hizo yadi tano, ambazo huonekana si kitu. Tarehe 27 Novemba 2005 New York Giants walicheza Seattle dhidi ya Seahawks, katika uwanja ambao mashabiki huhesabiwa kama mchezaji wa 12. Klabu iliistaafisha jezi namba 12 kwa heshima yao tangu 1984. Siku hiyo, kelele zikiizima sauti ya kwotabeki wao, Giants walianza mapema mara 11. Mara 11! Kwa hesabu ya haraka ni yadi 55, kidogo zaidi ya nusu ya uwanja, na wengi huishia hapo: timu isiyo na nidhamu, kelele nyingi, basi. Lakini Seahawks walishinda 24–21 katika muda wa nyongeza, baada ya mpigaji wa Giants, Jay Feely, kukosa mikwaju mitatu ambayo wowote mmoja ungewapa ushindi. Mechi iliyofika hapo haikuamuliwa na jambo moja, na katika mechi ya aina hiyo yadi 55 za bure ni mali.

Tena yadi si hasara yote. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10; jaribio la kwanza likigeuka kutoka yadi 10 kuwa 15, kocha anafunga nusu ya daftari lake. Kukimbia na mpira hakulipi tena. Kila mtu uwanjani anajua mpira utarushwa, na mlinzi wa pembeni anakuja bila kujiuliza. Halafu kuna hasara isiyoandikwa popote. Mtu wa mstari aliyeadhibiwa mara mbili kwa kuwahi huanza kuchelewa. Hasikii sauti ya kwotabeki, kwa hiyo anageuza shingo kuutazama mpira, au anasubiri senta, yule anayeutoa mpira chini, atikise kichwa. Siri ambayo ilikuwa faida yake haipo tena. Anaondoka pamoja na mlinzi au nyuma yake. Hilo halihesabiwi kama faulo. Linahesabiwa kama kwotabeki kuangushwa, na analaumiwa mtu aliyezidiwa mbio.

Kwa hiyo nikiona namba 11 ile sioni wachezaji 11 wajinga. Naona ushindi wa mara 11 wa watu wasiovaa kofia ngumu. Baada ya mechi Seahawks waliwatunuku mashabiki mpira wa mechi, na walistahili. Msimu wa 2020, viwanja vilipokuwa vitupu au karibu vitupu kwa sababu ya korona, wenyeji wa ligi nzima walimaliza wakiwa wameshinda 127, wamepoteza 128 na sare moja. Sidai kwamba kelele peke yake ndiyo iliyokosekana. Nasema anayedhani utulivu wa kabla ya snapu ni mapambo tu atapata shida kuzieleza namba hizo.

Wapinzani wa faulo hizi wana hoja moja inayoniuma kweli, nayo haihusu sheria bali usawa wa kuitumia. Msimu wa 2023 ulifunguliwa tarehe 7 Septemba kwa Detroit Lions kuwashinda Chiefs 21–20, na usiku ule watazamaji walimwona Jawaan Taylor, mmoja wa wanaomkinga kwotabeki wa Chiefs, akijipanga nyuma mno na kuonekana kuwahi kuondoka, vitambaa vikabaki mifukoni. Kelele zilipozidi, katika mechi zilizofuata akawa wa kuadhibiwa. Mtu yuleyule, mkao uleule. Tarehe 14 Septemba 2025 ikawa zamu ya Chiefs kulia: Philadelphia Eagles waliwashinda 20–17, na picha za marudio zikaonyesha magadi wa Eagles (wanaosimama kulia na kushoto kwa senta) wakiwahi kuondoka katika ule msukumo wao maarufu wa yadi moja, ambapo kwotabeki husukumwa na wenzake kutoka nyuma, na ambao miezi minne kabla ulikosa kura mbili tu za klabu kupigwa marufuku: 22, zilipohitajika 24. Faulo inayoonekana leo na kesho isionekane inafanana na bahati nasibu, na siwezi kumlaumu anayeichukia.

Zaidi ya hapo, karibu na goli adhabu yenyewe hufa. Adhabu haiwezi kuzidi nusu ya umbali uliobaki, kwa hiyo kwenye yadi moja mlinzi anayevuka analipa nusu yadi, na akirudia analipa robo. Fainali ya NFC, moja ya kanda mbili za ligi, ya Januari 2025 kati ya Eagles na Washington ilionyesha mwisho wa hesabu hiyo. Frankie Luvu wa Washington aliruka juu ya mstari kabla ya snapu, akaadhibiwa, akaruka tena. Mwenzake naye akafuata. Ikabidi refa Shawn Hochuli atangaze kwamba wakiendelea, waamuzi wanaweza kuwapa Eagles pointi moja kwa moja. Wengi walicheka. Lakini kipengele hicho kipo kwa sababu bila hicho walinzi wangeweza kuruka mpaka asubuhi.

Nikirudi kwa Toney, naona tatizo ni lile onyo ambalo Reid alililia. Refa Carl Cheffers alieleza baadaye kwamba mchezaji akiomba kusaidiwa kujipanga husaidiwa, lakini wajibu ni wake na onyo si lazima. Mpokeaji humwonyesha kidole mwamuzi wa pembeni na kujibiwa kwa ishara. Toney hakufanya hivyo. Ukarimu wa kuonya bila kuombwa ndio unaofanya sheria ionekane ya kubahatisha, kwa kuwa anayeonywa mara tisa huiona ya kumi kuwa uonevu. Januari 2019, katika uwanja huohuo, Dee Ford wa Chiefs alijipanga ndani ya ukanda wa katikati, na kitambaa kikafuta mpira ambao wenzake walikuwa wamemnyang'anya Tom Brady, kwotabeki wa New England Patriots, ikiwa imebaki kama dakika moja. Patriots wakashinda 37–31, kisha wakatwaa Super Bowl, fainali ya ligi.

Mguu uliosimama unaweza kupimwa kwa kamera iliyo sambamba na mstari, na kwa kosa la namna ya Toney au Ford ningependa ligi iitumie bila kusubiri jicho la mtu. Gadi anayetikisika katikati ya miili iliyobanana ni jambo jingine. Pale sidhani kamera itamaliza ubishi, na sioni njia zaidi ya waamuzi kupuliza filimbi mapema tena mara kwa mara, hata mechi ichoshe kwa wiki tatu nne, mpaka timu ziache.