Kinamasi Kifyekwe au Kiachwe? Tumuulize Buibui Mbwa-mwitu

Watunzaji wa ardhi oevu wamegawanyika: kuna wanaotaka majani yafyekwe au yaliwe na mifugo, na kuna wanaotaka eneo lisiguswe kabisa. Mara nyingi hoja hupimwa kwa ndege na maua. Mimi nataka tuzipime kwa Pirata piraticus, buibui mbwa-mwitu wa vinamasi vya nchi za kaskazini.

Buibui huyu hategi utando. Hufuma mrija wa nyuzi ndani ya kuvumwani aina ya sfagnamu, mmea laini unaotanda kinamasini. Tundu la juu hupokea jua, la chini huelekea majini. Huwinda akikimbia juu ya maji, na akitishwa huzamia.

Jike ndiye anayeupa mjadala huu uzito. Mwaka 1951, Edwin Nørgaard alichapisha utafiti wake kutoka kinamasi kimoja cha Denmark. Aligundua kwamba kwa kawaida buibui huyu hupendelea joto la nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi, lakini jike mwenye kifuko cha mayai hutafuta nyuzi 26 hadi 32. Kwa hiyo hukaa kwenye tundu la juu, kichwa kikiwa chini kwenye ubaridi, na kifuko alichokibandika nyuma ya tumbo akakiinua juani. Mama na mayai, milimita chache tu kati yao, wanaishi katika majira mawili tofauti!

Hapo wafyekaji wana haki. Matete na vichaka vikitanda, jua halifiki kwenye kuvumwani, na mayai hukosa joto.

Lakini kwato hukandamiza kuvumwani hiyohiyo na kuponda mirija. Fyekeo likipita kiangazi, humkuta jike na kifuko chake, au na watoto aliowabeba mgongoni. Upande wa pili nao haubahatishi.

Kwangu mimi, kufyeka kunafaa kukifanywa kwa sehemu, watoto wakishatawanyika, na sehemu nyingine ikabaki na majani yake. Ninalolaumu kwa pande zote mbili ni kusahau mitaro inayotoa maji kinamasini. Kinamasi kikikaushwa, sfagnamu hufa, na vichaka huota kwa kasi kuliko fyekeo lolote. Mitaro izibwe kwanza, maji yarudi juu. Kisha ndipo tubishane ni kona ipi ifyekwe mwaka huu.