Chama cha matetemeko kilichodumu miaka 12

Tetemeko lililoikumba Yokohama tarehe 22 Februari 1880 halikuwa la kutisha sana. Liliangusha dohani, likapasua kuta, likawatia kiwewe Wazungu wa mji ule wa bandari. Mwaka huohuo John Milne, Mwingereza aliyeajiriwa Tokyo kufundisha uhandisi wa madini, akawakusanya wenzake wakaanzisha Chama cha Matetemeko cha Japani, cha kwanza duniani kushughulikia elimu hiyo peke yake. Mwaka 1892 kikavunjwa. Je, kilishindwa?

Wanaosema kilishindwa wana hoja. Rais wake wa kwanza alikuwa Mjapani, Hattori Ichizo, ila wanachama wengi walikuwa wageni walioajiriwa Japani kwa mikataba, na jarida lilitoka kwa Kiingereza. Mikataba ilipokwisha, wengi walifunga virago. Tetemeko la Nobi la Oktoba 1891 liliua watu zaidi ya 7,000, na mwaka uliofuata serikali ikaunda tume yake, yenye fedha na wataalamu wa Kijapani.

Kwangu, hoja hiyo inahesabu wanachama na kusahau kazi. Milne na walimu wenzake wa kigeni, James Ewing na Thomas Gray, walitengeneza vyombo vya kuchora mwendo wa ardhi. Cha Ewing kilichora kwenye kioo kilichopakwa masizi. Sekiya Seikei, aliyejifunza kazi kwa Ewing, akawa mwaka 1886 profesa wa kwanza duniani wa seismolojia, yaani elimu ya matetemeko. Na kuna postikadi: Milne aliwapelekea maofisa wa miji inayoizunguka Tokyo mafurushi ya postikadi hizo, watume moja kila wiki kueleza matetemeko waliyoyahisi. Karani wa mji mdogo, asiyejua lolote kuhusu miamba, akawa mshiriki wa utafiti kwa gharama ya posta tu.

Tume ilikuwa na nguvu ambayo chama hakikuwahi kuwa nayo, na Omori Fusakichi, sauti yake kuu, alikuwa bingwa kweli: kanuni yake ya 1894 kuhusu jinsi mitetemo inayofuata tetemeko kubwa inavyopungua inatumika hadi leo. Tatizo ni kwamba sauti kuu ilibaki moja. Mwaka 1905 Imamura Akitsune, aliyekuwa chini yake chuoni, aliandika kwamba Tokyo ijiandae kwa tetemeko kubwa, na kwamba moto ndio ungeua wengi. Magazeti yakalikuza, watu wakataharuki, Omori akamkanusha hadharani. Tusimwonee Omori: Imamura hakuweza kutaja siku, na taharuki nayo ina madhara yake. Lakini ubishi wa namna ile ulistahili kumalizwa na wanataaluma wakiwa sawa kwa sawa, wala si na mkubwa dhidi ya mdogo wake.

Tarehe 1 Septemba 1923 Kanto, eneo lenye Tokyo na Yokohama, ilitikisika, miji hiyo miwili ikaungua, wakafa watu zaidi ya 100,000. Omori alikuwa Sydney, akitazama kipimo cha huko kikichora tetemeko lenyewe. Alifariki Novemba mwaka huo. Mwaka 1929 chama kiliundwa upya, safari hii na Wajapani wenyewe, na aliyekiongoza ni Imamura.