Modemu ya Ndani na Linux: Ugomvi Ulikuwa wa Mpaka

Chukua kompyuta mpakato ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, itazame ubavuni. Kando ya tundu la waya wa mtandao kuna tundu jingine jembamba zaidi, la waya wa simu ya mezani. Mwenye Windows alichomeka waya, akasikia ule mlio wa kukwaruza, akaingia intaneti. Mwenye Linux alichomeka waya uleule, akaendesha wvdialconf, programu ya kutafuta modemu, ikapekua milango ya siriali ttyS0, ttyS1, ttyS2 na ttyS3 mmoja mmoja, halafu ikamwambia haikuona modemu yoyote, yaani kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Modemu yenyewe aliinunua pamoja na mashine, na ilikuwa palepale chini ya kiganja chake.

Dawa ya jambo hilo ilibishaniwa kwa karibu miaka 10. Kuna waliosema: kubali draiva (programu ya kuendesha kifaa) iliyofungwa, yaani isiyoonyesha msimbo wake, kazi iende. Na kuna waliosema: kitu usichoweza kusoma msimbo wake kisikanyage ndani ya keneli, kiini cha Linux, nunua modemu ya nje ukae kwa amani. Nimewahi kusimama pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Leo naona kila upande ulikuwa na haki yake, lakini ugomvi wenyewe haukuwa juu ya kilichofungwa na kilicho wazi kama tulivyodhani.

Modemu ya nje ni kompyuta ndogo inayojitegemea. Ina sehemu ya kushika laini ya simu, ina chipu ya kugeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, na ina kidhibiti kinachopokea amri. Ukiiandikia ATDT, amri ya kupiga simu, na namba kupitia waya wa siriali, mengine yote inajua yenyewe. Lugha hiyo ya amri ilianza na modemu ya kampuni ya Hayes mwaka 1981, na ndiyo iliyofanya modemu yoyote ielewane na kompyuta yoyote bila kuuliza ina mfumo gani.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 watengenezaji wakaanza kupunguza viungo. Chipu za Lucent za aina ya LT ziliachwa bila kidhibiti, zikabaki na sehemu ya kuchakata sauti. Conexant, iliyojitenga na Rockwell mwaka 1999, ilikuwa na HCF iliyobakiza kiasi na HSF iliyonyofolewa karibu kila kitu. Intel nayo, kwa kiwango chake cha AC'97, iliifanya modemu iwe ndugu wa kadi ya sauti, pamoja na kikadi kidogo cha kushikia laini ya simu. Kwenye HSF na AC'97 hesabu zote za V.34 na V.90, viwango vya mawasiliano ya modemu, zikahamia kwenye prosesa, ndani ya draiva, na draiva iliandikwa kwa ajili ya Windows. U.S. Robotics walilisajili kabisa jina Winmodem kuwa alama yao ya biashara. Watu wa Linux wakajibu kwa kuziita linmodem zile chache zilizokubali kufanya kazi kwao.

Nitawatetea watengenezaji kidogo, maana walisemwa kana kwamba walituibia. Pentium ya wakati ule iliziweza hesabu hizo na kubakiwa na nguvu za kazi nyingine. Chipu mbili pungufu ni bei pungufu, na kwa mnunuzi wa kawaida hilo ndilo lililokuwa na maana. Kisha ukishaondoa chipu, unachouza ni programu. Kumtaka Conexant aachie msimbo wake ilikuwa kama kumtaka mama muuza chapati agawe chapati bure, yeye abaki akiuza sahani. Tena kulikuwa na hataza juu ya mbinu za V.34 na V.90, na kulikuwa na vibali vya mamlaka za simu, ambazo hazipendi kifaa kinachoweza kubadilishwa tabia na yeyote mwenye kikusanyaji cha msimbo nyumbani.

Hoja ya vibali lakini ilivutwa kupita urefu wake. IBM ilipoamua, ilitoa draiva ya modemu ya Mwave, ile iliyomo kwenye ThinkPad 600, kwa leseni ya programu huria ya GPL, ikaingia kwenye keneli yenyewe. Msimbo unaopakiwa ndani ya chipu ya Mwave ulibaki umefungwa. Tuukumbuke mgawanyo huo, tutauhitaji mbele. Naye Fabrice Bellard, yule aliyeanzisha FFmpeg na QEMU, aliandika modemu ya programu ya chanzo huria, akaonyesha kwamba hesabu zenyewe si uganga. Haikufika kuwa kitu cha kumpigia simu mtoa huduma kila jioni. Kati ya kukielewa kiwango cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, na kushika mawasiliano yasiyokatika kwenye waya wa shaba wenye kelele kuna safari ndefu ambayo mtu mmoja, hata akiwa Bellard, haimalizi mwishoni mwa wiki.

Tulichopata ni draiva za nusunusu. Wenye chipu za Lucent walikuwa na ltmodem. Wenye chipu za Smart Link, pamoja na chipu nyingi za AC'97, walikuwa na slmodem, ambayo moyo wake ni faili moja lililofungwa, dsplibs.o, limezungukwa na msimbo wazi wa kuliunganisha na keneli. Wenye Conexant waliitegemea kampuni ya Linuxant ya Kanada, iliyotoa draiva ya bure iliyofungiwa kasi ya kilobiti 14.4 kwa sekunde, na nyingine ya kulipia yenye kasi kamili.

Hiyo ya bure ipigie hesabu. Faili la megabaiti moja ni biti milioni 8. Kwa kilobiti 14.4 unalipakua kwa zaidi ya dakika 9. Kwa kilobiti 44, kasi ambayo V.90 iliweza kuifikia kwenye laini yenye afya, ni dakika 3. Simu inalipiwa kwa dakika. Aliyekwepa kulipia leseni aliilipa kampuni ya simu mara tatu, mwezi baada ya mwezi, na mwisho alikuwa ametoa zaidi. Simlaumu Linuxant kwa kudai chake. Walilipa watu waandike draiva wakati wengine walikuwa wakiandika malalamiko. Ila neno bure lilikuwa na mzaha ndani yake.

Halafu ikaja Aprili 2004. Keneli ya Linux huuliza kila moduli, kipande cha programu kinachoingia ndani yake: leseni yako ni ipi? Moduli isiyo ya GPL inaruhusiwa, ila keneli hujiandika kuwa imechafuliwa, ili mtu akileta malalamiko ya mashine kuganda, waandishi wa keneli wajue kuna mgeni ndani wasiyeweza kumchunguza. Moduli za Linuxant zilijibu kwa maandishi yaliyoanza na GPL, yakafuatiwa na alama ya sufuri, ndipo yakaja maelezo kwamba GPL inahusu faili za saraka fulani tu na nyingine zina leseni yake. Katika lugha ya C, sufuri ndiyo mwisho wa maandishi. Keneli ilisoma GPL, ikafika kwenye sufuri, ikatosheka. Binadamu akifungua faili anaona sentensi nzima. Mashine imeona herufi tatu.

Ghadhabu ilikuwa kubwa, na ilistahili. Maelezo ya Linuxant yalikuwa kwamba draiva yao ina moduli kadhaa, kila moja ilitoa onyo lake, na wateja waliogopa wakadhani kitu kimeharibika. Naamini walisema kweli. Lakini onyo lile halikuwa la mteja peke yake. Lilikuwa la mtu wa tatu, yule atakayeombwa msaada usiku wa manane bila kuambiwa nini kimewekwa. Umemnyamazisha mlinzi kwa sababu kelele zake zinamuudhi mgeni wako, na nyumba si yako peke yako.

Hapa mwenye msimamo mkali ataniuliza: kwa nini basi ulitumia slmodem? Kwa sababu ya mduara. Draiva iko intaneti, intaneti iko nyuma ya modemu, modemu inasubiri draiva. Kabla ya kebo ya SEACOM kutua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, CD ya Ubuntu iliyotumwa bure kwa posta ilikuwa njia ya maana kabisa ya kupata Linux huku kwetu, na CD haikuufungua mduara huo. Unakwenda kwenye intaneti kafe na diski mfukoni, unapakua faili, unarudi nyumbani, unakuta faili za kujengea moduli hazilingani na toleo la keneli yako. Unarudi tena kafe. Safari ya tatu nilikuwa nimejua kwa kichwa namba nzima ya toleo, mpaka kistari cha mwisho. Kumwambia mtu wa hali hiyo akatafute modemu ya nje, kitu ambacho madukani kilikuwa adimu na ghali, ni kumwambia arudi Windows. Wengi walirudi.

Na ilipokubali, bado haikuwa imekubali. Unaiambia slmodemd, programu inayoendesha slmodem, nchi uliyopo, maana laini za simu hazifanani tabia. Unakutana na NO DIALTONE, yaani hakuna mlio wa laini, ilhali mlio unausikia kwa sikio lako mwenyewe, mpaka mtu akunong'oneze uongeze X3 kwenye amri ya kupigia, modemu iache kuungoja mlio inaoujua yenyewe. Kisha pppd ya kuunganisha na mtoa huduma, kisha PAP au CHAP za kuthibitisha nywila, kisha hatimaye barua pepe moja inafunguka polepole kama jogoo anayenyoosha mbawa. Furaha yake siwezi kuidharau.

Deni lilidaiwa baadaye. Desemba 2003 ilitoka keneli 2.6, namna ya kujenga moduli ikabadilika, na draiva za 2.4 zikahitaji kushonwa upya. Kila sasisho la keneli liliiua modemu mpaka ujenge tena. Kisha zikaja mashine za biti 64, na dsplibs.o ilikuwa ya biti 32. Hakuna wa kuikusanya upya, kwa kuwa msimbo chanzo hakuna aliyenao nje ya kampuni. Wenye msimamo mkali wakasema: tuliwaambia. Kweli walituambia.

Lakini tazama kilichokufa ni kipi hasa. Slmodem ilikuwa na njia mbili za kufanya kazi. Ya kwanza ilipitia slamr, moduli iliyojichomeka kwenye keneli. Ya pili ilikuja baada ya mfumo wa sauti wa ALSA kupata moduli wazi za modemu, kama snd-intel8x0m: keneli inashika chipu kwa msimbo ambao kila mtu anausoma, na slmodemd inakaa nje, programu kama programu nyingine, ikipokea na kutoa sauti tu. Faili lililofungwa ni lilelile katika njia zote mbili. Kwenye mashine ya biti 64, slamr haikuwa na pa kwenda. Slmodemd ya biti 32 ikaendelea kufanya kazi kupitia ALSA, kwa kuongezewa maktaba za biti 32 tu.

Msimbo wake ulikuwa umefungwa vilevile, tofauti ni mahali ulipokaa. Hapo ndipo ninapowaacha ndugu zangu wa msimamo mkali. Modemu ya nje waliyotutuma tukanunue ilikuwa na programu iliyofungwa ndani ya chipu zake, msimbo wa V.90 uleule usiosomeka, na hakuna aliyeiita najisi. Waliikubali kwa sababu ilisimama ng'ambo ya waya wa siriali, ikizungumza AT. Mwave ya IBM ilikuwa na mgawanyo huohuo. Walikuwa wakitetea mpaka mzuri, ila wakaupa jina la uhuru wa msimbo.

Na waliosema kazi iende nao hawakutazama mbali. Walipima draiva kwa swali moja, inapiga au haipigi, kumbe slamr na slmodemd kupitia ALSA zote zilipiga siku ya kwanza. Swali la kuuliza lilikuwa: keneli ikibadilika, nani atalazimika kuamka? Kama ni kampuni ambayo soko lake linakufa, jibu unalo.

Zilipokuja modemu za USB za 3G, wengi tulidhani mambo hayo yamepita. Unachomeka, inatokea ttyUSB0, unafungua faili lilelile la wvdial, unabadilisha namba ya simu kuwa *99# na mtandao unafunguka. Ndani ya kile kijiti mna programu iliyofungwa kubwa kuliko draiva zote za Conexant, lakini iko upande wake wa ukuta na inazungumza lugha ya mwaka 1981. Debian, watu wa toleo mojawapo la Linux, nao walifika kwenye mlango huohuo kwa upande mwingine: mwaka 2022 walipiga kura kuruhusu programu za ndani ya vifaa, hata zisizo huria, ziwemo kwenye kisakinishi rasmi, na Debian 12 ikatoka nazo mwaka 2023. Wapo wanaosema walisalimu amri. Mimi naona walikubali hadharani kile ambacho mwenye modemu ya nje alikuwa anakifanya siku zote, tofauti ni kwamba sasa faili linaonekana kwenye diski badala ya kujificha kwenye chipu.

Bado kuna kinachonisumbua katika hoja yangu. Mpaka mzuri unakulinda wewe. Haumfundishi mtu kitu. Aliyetaka kujua V.90 inafanyaje kazi hakupata chochote kutoka dsplibs.o, ikae ndani ya keneli au nje. Kwa huyo, msimbo wa Bellard ambao haukukamilika una thamani kuliko draiva iliyokamilika.

Mwaka 2021 ulitoka mradi unaoitwa D-Modem. Unachukua slmodemd, dsplibs.o ikiwemo, unaitenga kabisa na chipu yoyote ya modemu, na kuielekeza kwenye simu za intaneti, SIP. Unapiga simu ya dial-up bila modemu, bila tundu, bila waya wa shaba. Faili la biti 32 ambalo kila mtu alilizika pamoja na slamr linasikiliza sauti na kutoa biti, kama zamani, na halijui kwamba kilicho upande wa pili wa ukuta kimebadilika.