Bibi anaamkiwa, haulizwi

Siku ya kwanza ya mafunzo ya kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee, hapa Leeds, England, nilifundishwa taulo. Unapomuogesha mzee, taulo moja linakaa mapajani, jingine kifuani. Unaosha sehemu moja, unaifunika, ndipo unafunua nyingine. Pazia linafungwa kabla hujagusa kifungo cha kwanza. Na kila hatua unaomba ruhusa: naomba nikuoshe mgongo, maji si ya moto sana? Katika viwango 15 vya cheti chetu, hicho kilikuwa cha saba, faragha na staha. Mimi mtoto wa Tanga nikacheka moyoni. Kumbe hawa wanasomea stara! Sisi si tunazaliwa nayo?

Desemba nikaenda likizo Ngamiani. Nikamkuta shangazi anamuogesha bibi uani, mlango wa nyuma uko wazi, wapangaji wanapita na ndoo zao. Bibi kajikunyata ndani ya kanga iliyolowa, maji yanamwagwa kichwani kama mtu anasuuza sufuria. Nisieleweke vibaya. Shangazi huyo ndiye anayeamka saa kumi usiku kumgeuza mama yake, na ni mwaka wa tatu hajalala nje ya nyumba ile, hata msibani haendi akakesha. Mapenzi yapo tele. Ila hakuna aliyemuuliza bibi kama anataka kuoga saa hiyo, au kama mlango urudishwe.

Nikaanza kuangalia, na ukishaanza kuangalia huachi. Anaingia mgeni: "Shikamoo bibi." "Marahaba, hujambo." Basi, zamu ya bibi imeisha. Mazungumzo yanapita juu ya kichwa chake: siku hizi anajikojolea, pampas zimepanda bei, juzi kamwaga uji. Yupo palepale kwenye mkeka, na masikio yake mazima kuliko yangu. Bibi yangu anaamkiwa na mtaa mzima na haulizwi na mtu yeyote kitu chochote.

Halafu zikaja habari za funguo. Bibi ana sanduku lake la mbao chini ya kitanda, na ufunguo wake tangu nina akili umefungwa kwenye pindo la kanga. Safari hii pindo lilikuwa tupu. Shangazi kauchukua, "asije akaupoteza." Haujapotea miaka hamsini, utapotea leo?

Ndiyo maana kwenye grupu la ukoo, mjomba anapotuma zile video za wazungu wanaotupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee, na kila mtu anaweka vidole gumba, mimi nakaa kimya. Sisi hatutupi, sawa. Lakini Shinyanga na Mwanza vikongwe wamekatwa mapanga wakiitwa wachawi kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wakitupikia sisi. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na hospitalini dirisha la wazee lipo. Ukilifikia unaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Zanzibar angalau walithubutu: tangu 2016 kila aliyefika miaka 70 anapata pensheni, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini mzee akiwa na hela ya kwake anatuma mtoto dukani badala ya kuomba.

Huku Leeds kuna jambo moja ningelibeba kwenye begi kama lingebebeka. Sheria yao ya 2005 inasema mtu mzima anahesabiwa ana uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitike hana, na kwamba kuamua jambo la kijinga peke yake si ushahidi kuwa akili zimeondoka. Nina mzee mwenye kisukari anayetaka biskuti za jemu asubuhi. Nitamshauri, nitaandika kwenye ripoti, lakini kuzificha kabatini siruhusiwi. Ni biskuti zake. Kwenye faili lake pameandikwa hata jina analotaka kuitwa: Bwana, na jina la ukoo. Wenzangu wanamwita kila mzee "mpenzi"; mimi wa shikamoo, "Bwana" inanitoka bila shida.

Sasa mjue upande wa pili. Huyo Bwana nimepewa dakika 15. Nafungua kisanduku cha namba kilichopo ukutani kwake, natoa ufunguo wa mlango, simu inaanza kuhesabu dakika. Kuvaa soksi mwenyewe kunamchukua dakika sita. Anaweza, mkono unatetemeka tu. Nikimwachia, chai haipatikani. Nikimvalisha, anakunywa chai, ila nimemnyang'anya soksi zake. Mwongozo wa taifa wa 2015 unasema ziara kwa kawaida isipungue nusu saa, lakini mwongozo haupangi ratiba; anayepanga ni msimamizi, na bajeti ya manispaa. Nikitoka, hataona mtu mpaka mchana. Namuuliza kila kitu, na jibu lake silisubiri. Na akihitaji kuhamia nyumba ya wazee, England mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, kiwango ambacho hakijapanda tangu 2010, na mara nyingi nyumba yake nayo inahesabiwa.

Kwetu Tanga, kwa upande wa muda, bibi ni tajiri. Hakuna anayemtazama huku anatazama saa. Angeweza kuvaa soksi kutwa nzima, kama angekuwa na soksi.

Siku ya mwisho wa likizo nilimwomba shangazi ule ufunguo mbele ya watu, najua si adabu, nikamkabidhi bibi mkononi. "Ahsante, mke mwenzangu," akasema, akaniagiza nilivute sanduku. Ndani mlikuwa na kanga mbili hazijakatwa, udi kwenye kopo la maziwa, risiti za ushuru wa nyumba na picha ya babu kavaa kofia ya bandari. Akavigusa kimoja kimoja, akavirudisha, akafunga, akakaza fundo la pindo kwa meno aliyobaki nayo. Kisha akasema kesho anataka kuoga jioni, jua likipungua.

Shangazi hajanipigia simu tangu siku hiyo. Hela za pampas anapokea.